Megabaiti Nane

Mbili, yasema kompyuta. Naizima, naiwasha:
mbili. Na nane nimezichomeka kwa mkono wangu
kwenye kadi ya kasi, hadi klipu zikalia ta!

Miskolc, theluji dirishani, chai imepoa.
Nimesugua pini kwa kifutio cha shule alichoacha Borka,
nimezipangusa kwa spiriti, nimezipuliza
kama mtu anayebembeleza kaa la moto.
Mbili.

Szabolcs wa ghorofa ya pili kaja na mita na miwani:
lehemu nzima, umeme upo, volti tano kamili.
"Kumbukumbu hii imekufa," akasema, akavaa viatu.

Saa saba usiku nikakiona kifuniko cheusi,
kidogo kama punje ya mtama,
kimekalia pini zisizo zake.
Nani kakihamisha?

Nyuma ya kadi, kikaratasi, penseli, mwandiko wangu:
*Nimezima. Mchezo wa ndege haukubali.*
Mwaka tisini na tatu. Borka yuko darasa la pili,
amenililia tangu asubuhi.

Kumbe haikufa. Iliambiwa inyamaze,
ikanyamaza miaka thelathini;
aliyeiambia ndiye aliyesahau.

Nakirudisha kwa kibano. Nawasha.
Kumi.