Mizani ya Iliki

Phidim, usiku wa kumi na tatu tangu barua mbili zifike.
Baba ameitundika mizani kwenye boriti kama kila msimu,
bado haina gunia.
Nami nimeketi chini yake na daftari.

Upande huu, Kirtipur:
ada laki tatu na nusu, miaka miwili,
ikiwa migomo haitaifanya minne.
Chumba nusu kwa nusu na Sirjana, mchele wa kutoka nyumbani,
basi la usiku kucha, nauli naijua bila kuuliza.
Maabara ya udongo ina darubini mbili,
moja inaona.

Upande ule, Melbourne:
laki arobaini na sita.
Nimeiandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kama hundi,
nione kama itapungua.
Haikupungua.
Tiketi, bima, picha ya mapafu,
akiba ya kuwaonyesha kwamba hatutafia njaa kwao,
na wakala wa juu ya duka la simu
anayetabasamu kwa asilimia.
Lakini huko wanayo mashine ya kusoma udongo,
iniambie kwa nini iliki zetu zinaoza mizizini.

Benki inataka shamba la kijitoni.
Ndilo lililomsomesha kaka Yehang,
likamwoza dada, likamzika bibi;
leo linaitwa dhamana.

Binamu Dilhang alipiga simu kutoka huko.
Huosha sahani hadi saa nane za usiku,
asubuhi husinzia katika mhadhara
alioulipia kwa sahani zizo hizo.
“Njoo,” akasema. Akanyamaza.
“Njoo, ila njoo na koti.”

Mama hana hesabu. Anachambua,
mbovu huku, nzima kule,
magoti yakilia kuliko kuni za tanuri.
Mwakani nani atachochea moto wa kukaushia?
Hilo sikuliandika. Halina safu.

Mali bila daftari huisha bila habari, wasema.
Basi daftari ninalo, na habari ninaiona,
mali ikiondoka mstari kwa mstari.

Baba akasoma, miwani puani, kidole kikifuata.
Hakuuliza jumla.
“Ukimaliza,” akasema,
“utaturudia, au utaturudishia?”

Mizani ikayumba kwa upepo wa mlangoni.
Akaishika, kama mtu anayetuliza mbuzi.

Nikaomba anipe hadi Jumatano.
Jumatano mnunuzi hupita;
tujue kwanza kilo ni bei gani.