Kabla Hujapanda Ndege pale Songwe

Kaa hapo juu ya robota, Eletisia,
mvua ya Mwanjelwa haitakuruhusu kutoka hata hivyo.
Nimekwenda Guangzhou mara saba.
Ya nane ni yako. Goti langu limekataa.

Kwanza sweta. Livue ukifika Dar.
Huko mwezi wa nne jasho linatangulia salamu,
nawe umezoea baridi ya kulala na soksi.
Lakini usilitupe: ndani ya maduka yao
kuna baridi ya mashine, kavu, isiyo na ukungu,
inakuingia mgongoni kama mdai.

Hela usiziweke mahali pamoja.
Nyingine kiatuni, nyingine ndani ya unga.
Ndiyo, beba unga. Kilo mbili za dona.
Si kwamba watakunyima chakula,
watakulisha mpaka uombe radhi;
ni kwa ajili ya usiku wa nne.
Usiku wa nne ndio mtu hulia.
Mimi nilikoroga uji kwenye birika la umeme la hoteli,
birika likafa, nikalilipa,
na sijawahi kunywa uji ghali kama ule.

Maji watakupa ya moto, matupu, hayana hata jani la chai.
Kunywa.
Bibi yetu kule Bulongwa alikuwa akinywa hivyohivyo,
akafika tisini na kitu bila kuiona hata Njombe.

Bei: hamtasemezana. Atakupa kikokotoo.
Ataandika yake, utafuta, utaandika yako,
atacheka, utacheka,
atafuta.
Usiondoke upesi, wala usikae mpaka ukapendwa.
Ukifika mlangoni ndipo bei ya kweli hukuita kwa nyuma.
Hilo hukujifunza kwangu, ulizaliwa nalo,
ndiyo maana nakutuma wewe, simtumi kaka yako.

Na kadi ya hoteli, yenye maandishi yao,
ilale nayo, oga nayo.
Hapa mtu akipotea huinua macho:
Loleza ule pale, basi kaskazini ni kule,
na nyumbani ni kushuka.
Kule niliinua macho nikaona madirisha,
juu ya madirisha, madirisha,
na juu kabisa anga rangi ya sufuria.

Hili sijamwambia mtu.
Safari ya pili, mwezi wa kwanza, saa nne usiku,
kadi nimeiacha mezani.
Nimelizunguka ghorofa lilelile mara tatu
na miguu imeanza kunisema.
Pembeni palikuwa na mama mwenye pipa la bati,
mkaa ndani, viazi vitamu juu.
Harufu ile, Eletisia!
Nilisimama kama nimeitwa kwa jina la utotoni.
Nikamchorea hoteli yangu kwenye karatasi ya kufungia:
lango, samaki wawili wa mawe, duka la miavuli.
Akaitazama muda mrefu,
kama fundi anayepewa mchoro na mtoto.
Akafunika pipa lake. Akanishika mkono wa koti.
Tukatembea, hatukusema neno,
kila mtu na kiazi chake.

Mlangoni nikageuka nimlipe,
alikuwa ameshafika kona.

Lile daftari jekundu, mbele ni ninaowadai.
Fungua ukurasa wa mwisho.
Mimi silali na deni, unanijua,
lakini hilo limelala miaka kumi na mmoja:
Mama wa Viazi. Guangzhou. Kiasi,
na hapo kalamu iligoma.
Nimemtafuta safari tano. Kona ile sasa ni benki.
Basi yeyote utakayemkuta na pipa,
nunua viwili, lipa vitano,
usisubiri chenji.

Mvua imekata.
Zipu nataka nyeusi, inchi nane.
Watakwambia nane, zitakuwa saba na nusu.
Pima mwenyewe.
Futi ile pale msumarini. Chukua yangu.