Mwaka wa Kufuli

Nauza kufuli Manyovu, upande wa juu wa soko,
meza moja, mwavuli mmoja wenye viraka vitatu.
Miaka minne mteja huja mara moja kwa wiki:
kapoteza funguo, au kagombana na nduguye juu ya sanduku.
Mwaka wa tano naagiza katoni.

Sipigi ramli.
Nasikia gari likipanda mlima kwa gia ya kwanza,
spika nne juu, kila moja na upande wake wa dunia,
nami natuma pesa Kigoma mjini kabla halijaegesha.

Mgombea alishuka na koti jipya na viatu visivyojua tope.
Hakutaja kahawa; bei yake aliikuta chini, akaiacha chini.
Hakutaja zahanati, ambako mkunga ni mmoja na taa ni simu yake.
Alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kikombe cha moto,
akauliza taratibu:
Ndugu zangu, usiku mnalala?

Tulikuwa tunalala.
Naapa, hadi saa nane ile ya mchana tulikuwa tunalala.

Wanavuka, akasema.
Hakusema nani. Aliacha tundu,
kama fundi anavyoacha nafasi ya dirisha,
na kila mtu akapachika uso anaoujua.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
huyu bwana hakuwa na nyoka hata mmoja,
alikuja na mzigo wa ung'ongo
akatugawia bure, pamoja na kofia.

Jioni ile niliuza kufuli thelathini na moja.
Mzee Bulakuvye alichukua mbili, ya mlango na ya banda la mbuzi,
ingawa mbuzi aliwauza tangu Juni.
Mwalimu Gwasa alinunua huku anacheka, akasema kamtuma mkewe.
Kijana mmoja aliuliza kama nina panga.
Nikasema sina.
Nikamwelekeza kwa mwenye nazo.

Hatua sita mbele ya meza yangu
Ntirampeba huuza mawese kwenye chupa za maji.
Alikuja mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili;
mgongo ule umezikwa hapa, nyuma ya migomba yetu.
Asubuhi yeye husema bwakeye, mimi namjibu mwakeye.
Herufi moja ndiyo iliyokuwa kati yetu,
na hata hiyo, nikiwa na mafua, hupotea.

Siku tatu mawese yake yalikaa, yakaganda kwa baridi.
Watu walizunguka, wakapitia kwa muuza chumvi,
kana kwamba nyumba zote za Manyovu zimeishiwa chumvi kwa pamoja.
Siku ya nne, jua likizama, akavuka hatua zile sita.
Akachagua kufuli nene, ya shaba,
akaipima kiganjani kama mtoto wa kliniki.
Nikamuuliza kwa mzaha, mzaha gani hata sijui:
Nawe unamwogopa nani?

Akanitazama.
Hakujibu. Aliacha tundu.

Nilipokea elfu nane. Sikumpunguzia hata mia.

Sasa mgombea ni mheshimiwa, yuko Dodoma, analala.
Aliowasema hawajavuka bado,
au walivuka wakatukuta tumefunga, wakarudi;
kila mtu ana jibu lake na funguo zake.
Ukungu wa hapa hauna huruma na chuma.
Watu wananirudishia kufuli zilizoshika kutu,
wengine wamejifungia nje, wengine ndani,
nami nazipaka mawese mpaka zilegee.
Mawese nanunua palepale, hatua sita.

Ananipimia vizuri, hanipunji.
Asubuhi bado ananisalimia,
ila siku hizi husema mwakeye.
Huitamka polepole, midomo imefungwa sawasawa kwenye ile em,
kama mtu anayejaribu kitasa
kabla ya kwenda kulala.