Mhojiwa wa Kumi na Nne

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la vitambaa vya sare za shule,
ndipo ninaponyoosha marejeleo.
Shilingi kumi kwa kila kitabu,
ishirini kama mwaka haupo na lazima niusake.

Hunijia tasnifu kwapani,
macho mekundu, siku tatu zimebaki.
Nawaambia: jina la ukoo kwanza, kisha koma.
Mwaka ndani ya mabano. Kichwa cha kitabu kilale,
herufi ziinamie kulia kama mahindi yaliyopigwa na upepo.
Mji kabla ya mchapishaji. Mwisho nukta.
Nukta, kaka. Bila nukta kitabu kinavuja.

Ujanja wao nimeuzoea.
Yupo aliyebuni ukurasa wa 412
katika kitabu cha kurasa mia mbili na tisa.
Yupo aliyemfufua marehemu, akamchapisha upya mwaka jana.
Na wale waliosokomezwa ndani ya "na wenzake",
huwa nawawaza: walikula nini
siku kitabu chao kilipotoka
na majina yao yakakosa kutosha mstarini?

Juzi akaja Lemiso, kijana mpole wa uzamili.
Mada: wakunga wa nyumbani, mashariki mwa Nairobi.
Marejeleo tisini na sita. Masafi.
Nilipata koma mbili tu za kumdai.
Nikaingia sura ya nne kuoanisha nukuu na orodha,
na ukurasa wa 88 nikakuta:

"Mtoto akikawia, hatumvuti. Tunazima redio,
tunafungua dirisha, mama ausikie mtaa,
ajue kuna mahali pa kumleta."
(Mhojiwa wa 14, mwanamke, miaka 61, Dandora.)

Kidole kikabaki juu ya kibonye.
Redio ile naijua. Kitufe chake kilipovunjika
tulikibadilisha kwa kifuniko cha dawa ya meno.
Dirisha lile hukwama, hulisukuma kwa kiwiko.
Kiwiko ni cha mama yangu.

Lemiso akanieleza: faragha, kanuni za utafiti,
fomu zilizotiwa sahihi. Hakukosea.
Mimi mwenyewe nimewafunza wengine hivyo hivyo.
Ila nikamtazama profesa nambari hamsini na saba,
aliyekaa Nairobi wiki mbili, hotelini:
ana jina, ana herufi mbili za mwanzo,
ana toleo la pili lililorekebishwa.

Jioni nikampigia mama simu.
"Nilimwambia aliandike," akasema.
"Nikamtajia herufi moja moja. S, Y, O.
Nikamuuliza, umepata? Akasema, nimepata."
Sufuria ikagonga upande wake.
"Haya, nisomee alivyoandika."
Nikamsomea.
"Hapo kwa hatumvuti. Rudia."
Nikarudia.
"Sikusema hatumvuti. Nilisema hatumwiti.
Kutomvuta kila mtu anajua, hiyo ni mikono.
Kumwita ndiko kugumu kuacha,
mdomo unataka tu, unataka."

Asubuhi Lemiso akatoa kinasa sauti,
tukakiweka kati yetu juu ya mashine ya kudurufu.
Hatumwiti. Wazi kabisa.
Nyuma ya sauti yake hakuna redio.
Akasikiliza mara tatu, akiangalia viatu vyake,
kisha akaomba kalamu:
v ikawa w, u ikawa i.
Herufi mbili, na miaka miwili ya kazi
ikasogea kidogo pale ilipokuwa imekaa.

Kuhusu jina, akasema, mama atie sahihi upya,
halafu kamati ikae, halafu tuone.
Nikamwachia nafasi kwenye orodha, chini ya K.
Kithome, S. Mabano matupu.
Sijui kama kamati itakaa. Nukta sijaiweka.

Kwa zile herufi mbili sikumtoza kitu.
Koma zake alilipa.