Iru, Aru

Kamusi yangu, mtumba wa Makoroboi,
hupitia Kiingereza kwanza,
na huko mlangoni
maneno mawili hupewa kitambulisho kimoja:
iru, kuwapo.
aru, kuwapo.
Haya, Ngolo, kazi kwako.

Mwalimu Hirose alieleza kwa chaki:
chenye uhai, iru. Kisicho nao, aru.
Nikacheka. Ngeli tu hii,
hii tuliinyonya na maziwa.

Lakini mimi ni wa meza ya minofu.
Sangara hunifikia saa kumi na moja alfajiri,
matamvua yanapepea bado.
Iru.
Kisu kinaingia nyuma ya shavu.
Sasa?
Mkia unapiga bati mara mbili, ya tatu nusu.
Sasa?
Kwetu yupo, yupo tu: yupo ziwani, yupo mezani,
yupo ndani ya barafu na stika ya Osaka,
yupo hata kikaangoni, ndimu juu yake.
Kijapani kinanidai dakika.

Nikaanza kuupanga mji mzima.
Jiwe la Bismarck: aru.
Magugumaji, yalale Kirumba yaamkie Kamanga,
yanazaa, yanaziba, yanahama bila nauli:
aru, akasema mwalimu,
nikakubali shingo upande.
Kongoti wa jaa la Mwaloni,
hajatikisika tangu asubuhi: iru, eti.
Na jiwe la Ukara, lile linalocheza likiimbiwa?
Alishika chaki muda mrefu.
"Hilo," akasema, "sijaliona."

Wiki ya jaribio niliandika sentensi ya mama,
aliyetutoka Bugando, wodi ya ghorofa ya sita.
Niliandika nai:
haipo, kama sukari inavyokosekana dukani.
Kiingereza hakikuona kosa.
Mwalimu akalikata neno kwa wino mwekundu, taratibu,
juu yake akaandika inai,
hayupo,
kwa kitenzi kile kile cha walio hai.

"Hata baada ya…?"
"Hata baada."

Nikamkumbuka kaka Lugolola, usiku ule, kwenye ngazi za hospitali,
akipiga simu Ukerewe, mtandao ukikatika.
Hakusema amekufa.
Alisema, "Hatunaye."
Akarudia, kwa sauti, maana hawakusikia:
"Hatunaye!"
Na ile -ye, ndogo, mwishoni,
imekaa kwenye kigoda chake,
hakuna aliyeiambia iondoke.

Saa kumi na moja nina zamu.
Kwa sangara, bado sijui.