Gramu Mia Tatu

Fomu ina mistari mitatu ya uwezo
na mistari mitatu ya udhaifu,
kana kwamba aliyeipiga chapa
alishanipima akakuta nalingana pande zote.

"Ijaze leo, Kakai," kasema Wandeba.
"Kiti cha mwonjaji mkuu hakingoji mtu."
Akafunga mlango. Nikabaki na kalamu
na mvua ya Mbale juu ya bati la ghala.

Miaka kumi na mmoja nahesabu kasoro.
Napima gramu mia tatu, namwaga mezani,
natenga: iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika,
nyeusi, iliyochacha, ganda, kijiwe.
Sijawahi kuiuliza punje inajionaje.

Haya. Nijimwage na mimi.

Uwezo. Naandika: pua.
Nafuta. Nani huandika pua kwenye fomu ya ushirika?
Lakini nikifungua gunia kutoka Bududa
najua kama lililala sakafuni,
najua aliyeanika karibu na moshi wa jiko.
Siku moja nilisema, nyumba hii ina mbuzi.
Walicheka, wakaenda kuangalia,
wakamkuta mbuzi.
Naandika: Hunusa vizuri.
Yasomeka kama sifa za mbwa. Naiacha.

La pili: Sidanganyi mezani.
Hapo kalamu inasita.
Mwaka ule wa ukame, mama mdogo alileta magunia mawili
nami kwa ukucha nilisogeza punje nne mbovu
upande wa nzuri.
Nne tu. Bado ziko chini ya ukucha.
Naliandika katikati ya karatasi, pasipo mstari.

Udhaifu. Huku kalamu inateremka mlima.
Kompyuta naigusa kama kaa la moto.
Kijana Masaba akichelewa namfanyia kazi yake kimya,
kisha namchukia kimya.
Kiingereza hunikauka mbele ya wanunuzi:
mgeni mmoja alionja, akataja tunda
ambalo sijawahi kuliona hata pichani,
nikaitikia kwa kichwa.
Mistari imejaa. Naendelea pembeni,
naizunguka karatasi kama siafu
mpaka nafika lilipo jina langu.

Nikasimama.

Nyani haoni kundule, tumeambiwa.
Mimi ni nyani wa namna nyingine:
nimeona kundu peke yake,
mkono ulioshika tawi sikuuona.

Tena nimekosea kazi yangu mwenyewe.
Kasoro kumi ni kitu gani
kama hujapima kwanza zimetoka katika nini?
Nimetenga bila mizani.

Nageuza karatasi. Nazidisha
sampuli za siku kwa siku za msimu,
kwa misimu kumi na mmoja,
napata namba inayonifanya nitazame mlango
kama mwizi aliyekuta fedha nyingi mno.

Nagonga kwa Wandeba, naomba fomu nyingine.
"Umeharibu?"
"Nilianza kwa upande usio wake."

Safari hii namba inatangulia.
Kompyuta naiandika, na mbele yake: nifundishwe.
Masaba simwandiki; kesho nitamwambia usoni,
au keshokutwa.
Punje nne naziandika pia. Wakiniuliza, nitajibu.

Umebaki mstari mmoja wa uwezo.
Namkumbuka mgeni na tunda lake la mbali,
na jina nililolimeza siku ile,
la vile vitunda vya kando ya njia
vinavyovaa koti la karatasi.
Najaza kwa herufi kubwa:
NTUNTUNU. Niliijua ladha ile kabla hajameza.