Upande Huu Tayari

Miaka thelathini na moja mama aligeuza dagaa
mchangani Kibirizi, jua mgongoni,
baibui hadi vifundoni, ushungi hadi kwenye nyusi,
soksi nyeusi, maana mchanga ule unaunguza.
Jua lote lile likaishia kwenye kitambaa.

Tumbo lilipoanza kujaa walisema gesi.
Wakasema minyoo. Wakasema vidonda, acha pilipili.
Shoga yake Mwavita akasema, kwa kucheka,
kisha bila kucheka:
"Kwa miaka hamsini na sita, usituletee mtoto."
Mama akaishusha kanga, akaifunga chini ya kitovu,
akaendelea kupima kwa sado.

Sasa tuko Maweni, kitanda cha tatu kutoka dirishani.
Daktari Ntabaye anachora ovari nyuma ya bahasha:
mbili, ndogo, kama kokwa za chikichi.
"Hapa," anasema, na kalamu inatoboa karatasi.

Ipo karatasi nyingine, ya damu iliyosafirishwa mbali.
Vitamini D: kumi na moja. Pembeni, alama nyekundu.
Nasoma mara mbili. Huyu?
Huyu aliyekausha nusu ya ziwa kwa viganja vyake?

Nikalitema swali lililonikaa kooni kama mwiba:
je, angekunja mikono ya baibui,
hata siku mojamoja?

Daktari hakukimbilia kujibu. Alifunika kalamu.
"Wapo waliopima wanawake wengi wakaona
wenye upungufu huugua zaidi kidogo.
Wapo waliopima wasione kitu.
Ndani ya chupa ya maabara, seli mbaya huisikia
vitamini hii, hupunguza mbio.
Lakini mama yako si chupa.
Vidonge nitampa, mifupa yake inavidai.
Uvimbe tutaukata, Mwanza, Jumatano.
Baibui liacheni. Halina kesi."

Kumbe mama alikuwa macho muda wote.
"Mkimaliza kunihukumu," akasema, "nitoeni nje."

Uani, saa tatu asubuhi,
akakunja mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko.
Sikuwahi kuiona ngozi ile: laini, changa,
kama si ya mtu aliyebeba ndoo.
Akaulaza mkono pajani, kiganja juu,
akanyamaza kwa kitambo kirefu
huku mimi nikihesabu nauli ya Mwanza kichwani.

Kisha akaugeuza,
kwa vidole viwili, kama mtu wa kazi.
"Upande huu," akasema, "tayari."